Jua la Milanzi Halisikilizi Redio

Nimestaafu. Msicheke. Nina miaka ishirini na saba, ila mgongo wangu una hamsini na tano, na macho yangu ni ya mtu aliyeshakufa akarudishwa kwa makosa ya karani. Zamu ya usiku pale kwenye mikate nimeifanya miaka saba, kwa hiyo nina haki kamili ya kuwapa ushauri ambao hamjauomba. Ndo raha pekee ya kustaafu, nyingine bado naitafuta.

Nyie watatu mlioajiriwa juzi, ambao Deo kaniambia kwenye simu kwamba mnajiita "wataalamu", mambo zenu? Sijawaona ila nawajua. Mmemaliza kidato cha nne, mnasubiri kitu kikubwa, na hapo kwenye mikate mnapita tu. Mimi pia nilikuwa napita tu. Nilipita miaka saba.

Daftari hili linakuja na gari la mikate likirudi tupu kutoka huku Mwimbi, ambako siku hizi naoka maandazi yangu mwenyewe, mchana, kama binadamu. Liwekeni juu ya kabati la hamira. Mkilichana mpate karatasi za kufungia vitumbua, nitajua, maana Zuhura ataniambia. Zuhura mnamjua, ndiye kashika tanuri baada yangu, na kama mpaka leo hamjamwogopa basi hamjaanza kazi.

Tuanze na usingizi, maana ndo kitu mnachodhani mnakijua.

Watu watawaambia kulala mchana ni kulala. Hao ni watu wanaolala usiku. Ukitoka zamu saa moja asubuhi, ukifika tu kitandani, kuku wa jirani anataga na anataka mtaa mzima ujue. Saa nne anapita muuza dagaa na kipaza sauti. Saa tano mtu anagonga mlango na kukuuliza, "Bado umelala tu?" kwa sauti ya mgambo aliyekamata mwizi. Dawa ni dirisha. Chukua mfuko wa unga wa ngano, ule wa kilo hamsini, ukunje mara mbili, ugongomee misumari minne kwenye fremu. Chumba kinakuwa kaburi. Mimi nilipanga mtaa wa Milanzi, hapohapo Sumbawanga, dirisha langu linatazama magharibi, nikaliziba wiki ya kwanza tu ya kazi na nikajiona nina akili kuliko wapangaji wote. Kumbukeni hilo dirisha. Ndo lililonivua nguo mbele za watu, nitafika huko.

Bosi wenu wa zamu bado ni Mama Atu. Nilipoanza mimi alikuwa hapohapo, mwanamke wa Tukuyu, mwimba kwaya, mikono kama ya mpasua mbao. Siku ya kwanza nilimsalimia, "Mambo, mama." Akanipa ndoo. Nilibeba maji saa mbili nzima ndo nikarudi, "Shikamoo." Akasema, "Marahaba mwanangu, sasa njoo ukande." Hiyo ilikuwa semina elekezi, hamna nyingine.

Wiki hiyohiyo nikamwonesha elimu yangu. Ilikuwa mwezi wa sita, na mwezi wa sita Sumbawanga mnaujua, ukipumua unaona pumzi yako inatembea mbele yako. Pakiti ya hamira iliandikwa donge liumuke nusu saa. Nusu saa ikaisha, donge limelala kama maiti. Mimi sina muda wa kungoja vitu, sijawahi kuwa nao, nikaongeza hamira mara mbili na kuliweka beseni karibu na moto. Nilipogeuka lilikuwa limeshatoka kwenye beseni, linaelekea mlangoni. Deo, ambaye ni mtu wa hukuhuku Mwimbi na tulianza naye kazi siku moja, alilikimbiza na beleshi huku anacheka mpaka anashika ukuta.

Mama Atu hakucheka. Aliokota pakiti, akaisoma mbele na nyuma, akasema, "Hii imeandikwa Dar. Hamira yenyewe ipo Sumbawanga. Wewe ulikuwa unamsikiliza nani?"

Nikasema, "Maelekezo, mama."

"Haya. Futa sakafu."

Mngedhani mtu mwenye vyeti angeshika somo hapo. Hapana. Mimi lile somo nililirudia, kwa gharama kubwa zaidi, na ndo sababu ya kuandika.

Tanuri sasa. La kwenu mmekuta la umeme lina namba, mnabonyeza. Letu lilikuwa la matofali, linakula kuni za mkaratusi, na namba ilikuwa unga. Unanyunyiza unga kidogo kwenye sakafu ya tanuri, unahesabu mpaka kumi. Ukigeuka rangi ya chai ya maziwa, ingiza mikate. Ukiwa mweusi, funga mdomo na subiri. Aliyeshika tanuri ndiye alikuwa mtu. Wengine wote, kukanda, kukata, kupaka mafuta kwenye makopo, walikuwa mikono yake. Nililitaka lile tanuri kuliko nilivyotaka matokeo ya mtihani.

Mwaka wa pili Mama Atu akaanza kunipa nilishike siku mbili tatu kwa wiki. Halafu Ramadhani ikakaribia.

Hapo kuna habari ya kujua. Kabla yangu alikuwepo jamaa aliyeshika tanuri huku anafunga. Usiku mmoja alikaa "kidogo tu" juu ya gunia, akasinzia, na mikate ya usiku ule ikawa makaa ya kupigia pasi. Tangu hapo tajiri alitoa amri yake: Mwislamu yeyote, mwezi wa Ramadhani, aende kwenye kufunga mikate kwenye nailoni. Tanuri asiguse. Alisema ni kwa ajili ya afya zetu. Tajiri alikuwa na huruma sana na afya zetu, hasa mikate ikiungua.

Nikamwambia Mama Atu hiyo si haki. Nilimwambia kwa Kiswahili cha kwenye mdahalo, "kwanza kabisa" na "vilevile". Aliniacha nikamaliza, akaenda kuongea na tajiri, akarudi.

"Nimekuombea," akasema. "Mwezi mzima utashika tanuri wewe. Ukifunga mwezi wote na mikate ikatoka salama, tanuri ni lako moja kwa moja, na ile amri inakufa. Ukishindwa kimoja kati ya hivyo viwili, unarudi kwenye nailoni, na yeyote wa dini yako atakayekuja nyuma yako atakaa kwenye nailoni."

"Sitashindwa."

"Sijakuuliza. Nimekuambia nimeweka jina langu hapo."

Deo alikuwa anasikiliza. Mwaka ule Kwaresma na Ramadhani zilipandana, na yeye alikuwa kafunga bia, na alitangaza kama mtu aliyejitolea figo. "Sasa Shabani," akasema, "kufunga gani huko? Usiku unakula, mchana umelala. Hata mimi nikilala sili. Hata mbuzi."

Nawaambia wale mtakaofunga, hayo maneno mtayasikia kila mwaka, na anayesema atadhani kayavumbua yeye. Msibishane. Ukweli ni kwamba mwili unajua. Tanuri linakukausha usiku kucha, na ukilala na kiu unaota mabomba. Unaamka saa nane mchana ulimi kama soksi, na bado jua lina safari ndefu. Kwa hiyo fanyeni hivi. Kila trei ikitoka, kikombe kimoja cha maji, hata kama hamna kiu. Msile ugali mkubwa saa sita usiku, mtasinzia kama yule jamaa. Daku iwe uji mzito wa ulezi na maharage, mwishomwisho. Na chumvi punguzeni, dagaa aje baada ya Idi.

Hayo yote niliyajua. Nilijua kila kitu. Nilikuwa na karedio kadogo ka betri, na redio ya Dar ilikuwa inaadhini kila magharibi na kila alfajiri, kwa dakika, bila mchezo. Msikiti wa mtaani kwetu ulikuwa na Mzee Seifu, mshona viatu, ambaye ndiye alikuwa anaadhini, na siku ya kwanza tu ya mfungo niligundua kasoro. Redio iliadhini magharibi saa kumi na mbili na nusu. Mimi, kwenye kaburi langu lenye mfuko wa unga dirishani, nikala tende zangu, nikanywa chai, nikaswali, nikajinyoosha. Saa moja ndo namsikia Mzee Seifu anaanza kukohoa kwenye spika.

Nusu saa! Nikasema mzee kachoka, labda alipitiwa na usingizi. Siku ya pili, nusu saa. Ya tatu, nusu saa. Nikawa nawacheka waumini wote wa Milanzi waliokaa na njaa wanamsubiri mzee mwenye saa mbovu. Sikwenda kufuturu msikitini hata siku moja. Niende kufanya nini, kungoja?

Alfajiri ilikuwa hivyohivyo, kwa upande wa pili. Redio ikiadhini, mimi naweka kikombe chini, hata kama kina maji nusu. Usiku mmoja Mama Atu akaniona.

"Mbona umeacha maji na msikiti haujaita?"

"Umechelewa. Kila siku unachelewa."

"Kila siku? Kwa kiasi kilekile?"

"Nusu saa kamili."

Akaligeuza donge, akaendelea kukanda. "Kitu kinachochelewa kwa kiasi kilekile kila siku, hicho kimechelewa kweli?"

Nikamjibu, na naandika hapa kwa aibu, "Mama Atu, wewe una kwaya yako. Dini yangu niachie mwenyewe."

Akaniachia. Alikuwa mtu wa kukuachia kitu mpaka kikuangukie mguuni.

Mikate ilikuwa inatoka vizuri, tena vizuri kuliko ya Mama Atu, alisema mwenyewe. Wiki mbili na zaidi, hamna hata mmoja ulioungua. Nilianza kutembea kama mwenye tanuri. Na kwa kuwa nilikuwa nafanikiwa, nikaona niwasaidie na wengine. Nikaenda kumrekebisha Mzee Seifu.

Nilimkuta asubuhi kwenye kibanda chake, kiatu mapajani, sindano mdomoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kiatu kiko wapi?"

"Sina kiatu. Nina shida na saa yako."

Akatoa sindano mdomoni. "Ina nini?"

"Inachelewa nusu saa. Tangu mfungo uanze. Redio inaadhini kumi na mbili na nusu, wewe saa moja. Watu wanapata tabu, mzee. Naweza kukurekebishia, hata sasa hivi."

Hakukasirika, na hilo ndo lilipaswa kunishtua. Aliniuliza, "Kazi yako nini, kijana?"

"Mikate. Zamu ya usiku."

"Na mchana?"

"Nalala."

"Dirisha lako linatazama wapi?"

"Magharibi. Ila nimeliziba na mfuko wa unga."

"Aaah," akasema. Ile "aaah" naisikia mpaka leo nikiwa nachota maji. "Basi kesho, hiyo saa yako ya kumi na mbili na nusu, njoo hapa. Njoo na tende zako na redio yako. Tufuturu wote."

Nikaondoka nimefurahi. Kesho yake nikaamka mapema, nikachukua tende tano kwenye karatasi, nikafungua mlango.

Jua likanipiga machoni.

Nawaambia sikuelewa. Nilidhani redio imenidanganya saa, nikafikiri labda ni saa kumi na moja. Nikatembea mpaka kwa Mzee Seifu huku nimekunja uso. Alikuwa kaweka vigoda viwili nje ya kibanda, vyote vinatazama magharibi. Watoto walikuwa wanacheza mpira, vivuli vyao virefu mpaka barabarani. Redio ikaanza kuadhini mkononi mwangu. Vizuri kabisa, sauti nzuri, kutoka Dar, ambako jua lilikuwa limeshazama.

Hapa kwetu lilikuwa juu ya vilima, zima, la manjano, halina haraka na mtu.

"Karibu futari," Mzee Seifu akasema. "Kula. Redio imesharuhusu."

Nilisimama na tende mkononi.

"Kula bwana, saa yangu mbovu hii. Usipate tabu."

"Mzee..."

"Au unalionea haya jua? Siku zote hizo ulikuwa hulionei."

Nikakaa. Sasa sikilizeni hii inayouma. Jiografia nilipata B. Swali la longitudo na saa nililijibu lote, nyuzi moja dakika nne, nikachora na mstari. Dar iko mashariki kule, sisi tuko huku mwisho wa nchi, toa moja kwenye nyingine, zidisha kwa nne, unapata nusu saa. Mtihani ulinipa maksi zote. Halafu nikaja kukaa juu ya hiyohiyo nusu saa kila siku, nakula tende.

Tulikaa pale mpaka jua likaingia. Ilikuwa nusu saa ndefu kuliko zamu yoyote niliyofanya. Mzee Seifu akaenda kuadhini, akarudi, akanipa maji kwanza.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Leo ya ishirini. Kumi na tisa nimekula jua likiwa juu."

"Ulikuwa hujui, hilo Mungu analiona. Lakini siku ni deni. Utazilipa zote baada ya Idi, moja moja."

Nikamwuliza kama kuna mtu mwingine anahitaji kujua.

"Mungu anajua, mimi najua. Nani tena?"

Hapo ndo palikuwa na shida, maana yupo mtu mwingine aliyekuwa kaweka jina lake.

Nilienda kazini usiku ule natembea polepole, na mimi kutembea polepole ni ugonjwa. Hesabu ilikuwa rahisi. Mikate imetoka salama, tajiri hajui longitudo, Mama Atu anajua kwamba nimefunga. Zimebaki siku kumi. Nikinyamaza, nafunga hizo kumi vizuri, tanuri ni langu, na zile kumi na tisa nalipa kimyakimya. Hamna aliyeibiwa. Nilijieleza hivyo kutoka Milanzi mpaka kwenye geti, na kila nikijieleza naona nimejieleza vizuri sana, kama ile pakiti ya hamira.

Sharti lilikuwa la vitu viwili. Mikate salama, na kufunga mwezi wote. Sio kufunga machoni pa watu.

Nikanyunyiza unga kwenye tanuri, nikahesabu kumi, nikamwita. "Mama Atu, sijafunga."

"Umekula leo?"

"Leo nimefunga. Leo peke yake." Nikamweleza yote, redio, mfuko wa unga, Mzee Seifu, vigoda viwili.

Deo aliacha kupaka mafuta. Alikaa chini kwenye sakafu ili acheke vizuri. "Yaani mimi niliyefunga bia nimekushinda! Mimi Mungu ananijua!"

"Nyamaza Deo," Mama Atu akasema. "Jumapili ulinuka bia."

"Jumapili haihesabiwi, mama, hata padri anajua!"

"Basi na wewe kaa na hesabu zako." Akanigeukia. Nilitegemea ngumi, au cheko, chochote. Akauliza, "Zimebaki ngapi za kulipa?"

"Kumi na tisa."

"Basi hujashindwa. Hujamaliza."

"Na tajiri utamwambia nini?"

"Nitamwambia ulichoniambia. Unataka nimwambie cha nani?"

Alimwambia kweli, siku moja kabla ya Idi, na mimi nimesimama palepale. Tajiri alicheka mpaka akavua miwani. "Kwa hiyo kijana alikuwa anafunga kwa saa za Dar!" Halafu akaacha kucheka, akasema sharti ni sharti, aende kwenye nailoni. Mama Atu akamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaomba chumvi, "Sharti ni siku, bosi, na siku zake hazijaisha. Tulisema mwezi wote. Anazo kumi na tisa. Akiharibu moja, mpeleke kwenye nailoni na mimi nipeleke naye."

Tajiri alimtazama. Mama Atu kwenye nailoni, halafu nani akande? Akavaa miwani. "Kumi na tisa," akasema.

Sasa wataalamu, ngoja niwaambie kitu kuhusu kufunga peke yako baada ya Idi. Ramadhani ina kelele, watu wote mna njaa pamoja, inapendeza. Mwezi unaofuata mtaa unanuka pilau iliyobaki na chapati, watoto wanakula miwa mlangoni kwako, na wewe uko kwenye chumba chenye giza, peke yako, na jagi la maji limejaa pembeni ya kitanda. Hamna anayekuona. Siku ya tatu niliamka saa nane, koo limekauka, nikalishika lile jagi. Nililishika tu. Nilikaa nalo muda mrefu, nikawa nafikiria kwamba giza hili hata jua lenyewe halioni humu.

Nikaliweka chini, nikachukua kisu cha kukatia donge, nikatoboa ule mfuko wa unga dirishani. Tundu la ukubwa wa yai. Mwanga ukaingia, ukakaa ukutani kama sarafu. Nikawa nalala, nikishtuka naitazama. Jua linavyoshuka nje, ile sarafu inapanda ukutani. Ikifika kwenye msumari wa koti, ni saa kumi na mbili. Ikifika juu ya kalenda inakuwa nyekundu. Ikizimika, nasubiri Mzee Seifu akohoe. Redio nilimpa Deo. Akasema betri zimekwisha.

Kama mtaziba dirisha, na mtaliziba, achieni hilo tundu. Huo ndo utaalamu wangu wote wa miaka saba, mengine mtasoma kwenye namba za tanuri.

Siku ya kumi na tisa ilikuwa Jumanne. Mama Atu alinitumia mtu niende kazini mapema, kabla ya magharibi. Nilijua kuna tatizo. Nikamkuta amesimama nje ya geti, kanga kajifunga mabegani kwa baridi, kashika kikombe cha chai, anatazama magharibi kama askari.

"Shikamoo. Kuna nini?"

"Marahaba. Kaa hapo."

Nikakaa. Jua lilikuwa limeshika kilima. Nikaona limeingia, nikanyoosha mkono. Akarudisha kikombe nyuma.

"Bado."

"Limezama, mama!"

"Kuna kipande. Wewe kwa haraka zako umeshatugharimu siku kumi na tisa."

Kweli, kulikuwa na kipande, kidogo kama ukucha. Tukakisubiri. Kikaisha. Bado hakunipa. Alisubiri mpaka spika ya msikiti ikakwaruza kule mbali, na Mzee Seifu akakohoa. Ndo akanipa kikombe, na mkate, ule wa kwanza wa trei, niliouoka mwenyewe usiku uliopita. "Karibu," akasema. "Tanuri lako linapoa, kula haraka."

Haraka! Aliniambia mimi, kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Tangu hapo hakuna Mwislamu aliyepelekwa kwenye nailoni. Zuhura alipokuja hakujua hata kama kuliwahi kuwa na amri kama hiyo, aliona ni kawaida tu, akashika beleshi. Sikumwambia. Leo namwambia kupitia kwenu, na atajifanya hajasoma.

Siku hizi zamu yenu inaanza saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo futari inawakuta ndani, na humo ndani hamna dirisha hata moja, mnalo hilo tanuri la umeme na redio kubwa ya Deo, ambayo betri zake hazijawahi kuisha. Mfungo umeanza wiki hii. Jana jioni nilikuwa nje hapa Mwimbi, nimekaa kwenye ndoo, nasubiri jua langu lizame, simu ikaita ujumbe. Zuhura. Kaandika: "Kaka, redio imeadhini na nina tende mkononi. Nile?"

Nikamjibu: "Toka nje kwanza."

Dakika moja ikapita. Halafu akaandika: "Nimetoka. Lipo. Na Mama Atu yupo getini na kikombe, kanikatalia."